Si Kila Uvimbe wa Korodani ni Busha: Mgonjwa wa Ini Anapovimba Huku Chini

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una muhogo wa kumenya au nguo za kukunja, endelea na kazi yako, lakini sikio niazime kwa muda mfupi.

Leo nitataja neno ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu. Neno hilo ni korodani. Tafadhali usizime redio. Korodani ni kiungo cha mwili kama vile mkono au jicho, na kikiugua kinahitaji kutazamwa. Najua pia kwamba mwanamume akivimba sehemu hiyo, mtu wa kwanza kujua ni wewe mama. Yeye atanyamaza. Atavaa kanzu au shuka kubwa na kusema ni uchovu tu. Wewe unayefua nguo zake na kumwandalia maji ya kuoga ndiwe utakayeona. Kwa hiyo mazungumzo haya ni yako.

Nianze na kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi katika zahanati moja huku Pwani, alikuja mama mmoja na mumewe. Mzee alikuwa mgema, mtu wa kupanda minazi tangu ujana wake. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Mama akaniambia, "Sista, mzee wangu amevimba huku chini. Nyumbani wanasema ni busha."

Nilimtazama mzee kwa haraka akiwa amesimama. Nikaona mfuko wa korodani umejaa. Huku kwetu Pwani, kuanzia Kwale, Kilifi hadi Tana River na Lamu, busha ni ugonjwa tunaoujua tangu zamani, maana mbu wetu hueneza minyoo ya matende. Basi nami nikachukua kalamu nikaandika: busha, apelekwe hospitali kubwa kwa upasuaji. Nikamwita mgonjwa anayefuata.

Yule mama hakuinuka. Akasema kwa upole, "Samahani sista. Busha huvimbisha na miguu yote miwili? Na mbona suruali haimfungi tena kiunoni, ilhali mikono yake imebaki mifupa mitupu?"

Nikaweka kalamu chini. Nikamwomba mzee alale kitandani, nikamkagua kama nilivyofundishwa chuoni na kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Tumbo lilikuwa limejaa maji, kitovu kimechomoza nje. Nilipobonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Ugonjwa wa mzee haukuwa korodani. Ugonjwa ulikuwa ini. Niliichana ile karatasi nikaandika nyingine.

Kisha mama akanieleza jambo lililonitetemesha. Shemeji zake walikuwa wamekwisha elewana na mtu wa kijiji jirani aje amtoboe mzee kwa sindano Ijumaa ile, ili maji yatoke. Kama ningempeleka nyumbani na jina la busha tu, huenda Ijumaa ingefika kabla ya zamu yake ya upasuaji.

Sasa tuulizane: ini liko juu, chini ya mbavu za kulia. Linahusianaje na korodani?

Ini lina kazi nyingi, lakini kwa leo tushike mbili. Kwanza, ini hutengeneza protini iitwayo albumini. Protini hii ndiyo inayozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Pili, damu inayotoka matumboni hupitia ndani ya ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Ini likiugua kwa miaka mingi, hujaa makovu na kuwa gumu. Madaktari huita hali hiyo sirosisi. Ini gumu huziba njia ya damu, kama mfereji uliojaa takataka. Damu hurundikana nyuma, shinikizo hupanda, na figo nazo huanza kuzuia chumvi na maji yasitoke kwa mkojo. Albumini imepungua, shinikizo limepanda, chumvi imezidi. Basi maji huvuja na kukaa tumboni na miguuni.

Maji hufuata mteremko. Ngozi ya mfuko wa korodani ni laini na imelegea, kwa hiyo hujaa upesi. Huo ni uvimbe wa aina ya kwanza: maji yaliyoingia katika ngozi yenyewe, na mara nyingi hata uume huvimba.

Aina ya pili ni hii. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani hushuka kutoka tumboni kupitia kinjia kidogo kwenye kinena. Kwa watu wengi kinjia hicho hujifunga. Kwa wengine hubaki na upenyo maisha yote bila kuleta taabu. Siku tumbo likijaa maji, maji hupita hapo na kuizunguka korodani. Kwa macho utasema ni busha, lakini chemchemi yake iko tumboni.

Aina ya tatu ni ngiri. Tumbo lililojaa maji husukuma kila upande, na mahali penye udhaifu hupasukia, ama kitovuni ama kwenye kinena. Utumbo nao huweza kuteremka hadi kwenye mfuko wa korodani.

Kwa hiyo, mama, tunapouona uvimbe tusikimbilie kuupa jina. Hebu tuangalie maswali sita ambayo unaweza kujiuliza nyumbani, ili ukifika kwa mhudumu uwe na habari kamili.

Swali la kwanza: uvimbe ulianza lini? Busha la matende hukua polepole, miezi na miaka. Uvimbe wa ini huweza kutokea katika wiki chache, na mara nyingi hupungua akilala na kuongezeka akishinda amesimama au ameketi.

Swali la pili: ni upande mmoja au pande zote? Busha na ngiri mara nyingi huanza upande mmoja. Maji ya ini katika ngozi hujaza pande zote mbili.

Swali la tatu: ukibonyeza mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa kidole gumba na kuhesabu hadi kumi, je, shimo linabaki? Likibaki, mwili una maji mengi, na tatizo halipo korodani peke yake.

Swali la nne: tumbo likoje? Je, mshipi haufiki tena, naye mikono na mabega yanakonda? Macho yamekuwa manjano? Mkojo umekuwa kama chai ya rangi? Hizo ni sauti za ini.

Swali la tano: akikohoa, uvimbe husukumwa? Akilala chali, huingia ndani? Hapo fikiria ngiri.

Swali la sita: kuna maumivu? Uvimbe wa maji huleta uzito na kukerwa. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine kabisa, nami nitalirudia.

Nisikilize vizuri hapa. Maswali haya hayakufanyi wewe kuwa daktari, wala mimi siwezi kutambua ugonjwa kupitia redio. Mtu mmoja huweza kuwa na magonjwa mawili pamoja. Mwenye busha la miaka mingi anaweza kuugua ini vilevile. Na si ini tu linaloleta maji mwilini. Moyo uliochoka hufanya hivyo. Figo zinazopoteza protini hufanya hivyo. Ndiyo maana mgonjwa lazima apimwe.

Akifika hospitali, watafanya nini? Nakueleza ili usiogope, na pia ili uulize kama hatua fulani imerukwa.

Kwanza watamkagua amesimama na amelala, korodani, kinena, tumbo, miguu na macho. Wanaweza kuzima taa na kuweka kurunzi nyuma ya uvimbe. Maji yaliyoizunguka korodani hung'aa, nyama haing'ai. Lakini kurunzi huonyesha tu kwamba kuna maji, haisemi yametoka wapi. Kwa hiyo watapima mkojo kuona kama figo zinapoteza protini. Watatoa damu kupima albumini, rangi ya nyongo, nguvu ya damu kuganda, figo, na virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Huku Pwani wanaweza pia kupima minyoo ya matende. Zamani tuliitoa damu hiyo usiku tu, kwa sababu vijiminyoo hutembea katika damu wakati wa usiku. Siku hizi kuna kipimo cha tone la kidoleni ambacho hufanywa hata mchana.

Kisha kuna picha ya altrasaundi. Haiumi wala haina mionzi. Humwonyesha daktari kama ndani ya mfuko kuna maji, utumbo au kivimbe cha korodani yenyewe, na humwonyesha ini na maji ya tumboni. Mwisho, daktari anaweza kuchota maji kidogo ya tumbo kwa sindano safi ili kuona kama yana vijidudu. Hicho ni kipimo muhimu. Usikubali maneno ya jirani kwamba "akitolewa maji tu atakufa." Wanaokufa mara nyingi ni wale waliochelewa kufika.

Sasa, kwa nini nilitetemeka niliposikia habari za sindano ya kijijini?

Sababu ya kwanza ni damu. Ini ndilo linalotengeneza viungo vya kuigandisha damu. Ini likiwa bovu, kijitundu kidogo huweza kuvuja damu bila kukoma. Sababu ya pili ni vijidudu. Maji yaliyotuama ni shamba zuri la vijidudu, na kinga ya mgonjwa wa ini ni dhaifu. Sababu ya tatu, kama ndani kuna utumbo ulioteremka, sindano itautoboa. Sababu ya nne, hata asipodhurika, maji yatarudi, maana chemchemi haikuzibwa. Hata madaktari wa upasuaji hawaharakishi kumpasua mgonjwa wa ini mwenye maji tumboni. Huyatuliza maji kwanza. Ila ngiri iliyojinyonga haisubiri.

Matibabu yenyewe huanzia kwenye ini. Kama ni pombe, iwe mnazi, chang'aa au bia, ni kuacha kabisa, si kupunguza. Lakini aliyekuwa akinywa kila siku kwa wingi asiachishwe ghafla nyumbani bila ushauri. Anaweza kutetemeka na hata kupata kifafa, kwa hiyo mweleze daktari ukweli. Kama ni virusi vya homa ya ini B, kuna vidonge vya kuvizuia. Virusi vya aina ya C sasa huweza kuponywa kwa vidonge vya miezi michache.

Kwa maji, daktari huandika vidonge vya kukojoza, mara nyingi spironolaktoni na furosemidi. Spironolaktoni huweza kumfanya mwanamume avimbe matiti au yamuume. Wanaume wengi huona haya wakaacha dawa kimya kimya. Mwambie mapema kwamba jambo hilo hutokea, na likitokea mrudi kwa daktari abadilishe dawa. Mpime uzito kila asubuhi kama mizani ipo, uandike. Kupungua kwa kasi sana nako ni hatari kwa figo.

Na wewe jikoni una kazi kubwa kama ya vidonge. Chumvi ndiyo inayoshika maji. Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na chumvi iliyo ndani ya vyakula. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi, vikolezo vya mchuzi vya madukani na viazi vya pakiti, viweke mbali naye. Mchuzi wake utie ladha kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya. Usimnyime protini. Yai, samaki mbichi, kunde, maharagwe na maziwa humjenga, maana anakonda ndani ya ule uvimbe. Mpe chakula kidogo mara nyingi, na kitu kidogo kabla ya kulala.

Kwa korodani zenyewe, akiwa amelala ziinue kwa taulo lililokunjwa. Akitembea avae chupi ya pamba inayoshikilia bila kubana. Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu, ikaushe kwa kuigusagusa, usisugue. Ngozi iliyojaa maji hupasuka upesi.

Usimpe dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki. Huumiza figo na kusababisha kutokwa na damu tumboni. Hata parasetamo, kipimo cha mgonjwa wa ini huwa ni kidogo kuliko cha mtu wa kawaida, kwa hiyo uliza kwanza. Na mitishamba, mama, najua hutolewa kwa mapenzi. Lakini kila kinachonywewa hupitia kwenye ini lile lile lililochoka. Iache.

Sasa chukua kalamu uandike dalili za kukimbia hospitali, hata iwe usiku wa manane.

Maumivu makali ya ghafla ya korodani.
Uvimbe wa kinena au kitovu uliokuwa ukirudi ndani, sasa umekuwa mgumu, unauma na hauingii, naye anatapika.
Ngozi ya korodani kuwa nyekundu sana, nyeusi, yenye malengelenge au harufu mbaya.
Homa, au maumivu ya tumbo lililojaa maji.
Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
Kuchanganyikiwa, kulala mno mchana, au kuongea maneno yasiyoeleweka.
Kutokojoa.

Hata moja kati ya hizo haingoji asubuhi.

Nisiwasahau watoto. Mtoto mchanga wa kiume anaweza kuzaliwa na maji kwenye korodani, na mara nyingi hukauka yenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja au miwili. Mwonyeshe kwa mhudumu siku ya kliniki ili ahakikishe si ngiri, maana ngiri ya mtoto hairudi yenyewe, hufanyiwa upasuaji. Mtoto anayeamka na uso umevimba, kope zimefunga, na korodani nazo zimejaa, apimwe mkojo siku hiyo hiyo, maana huenda ni figo. Na kijana akilia maumivu ya ghafla ya korodani moja, huenda imejisokota. Ana takriban saa sita tu za kuiokoa. Usimkande, usimfiche, mpeleke.

Je, tunaweza kulilinda ini tangu mapema? Ndiyo. Tangu mwaka wa 2001, chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya sindano wanazopewa watoto wetu hapa Kenya wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Usiruke hata moja. Mama mjamzito, uliza kuhusu kipimo cha homa ya ini B unapohudhuria kliniki. Ikiwa mmoja nyumbani anayo, wengine wapimwe, na wasio nayo wachanjwe. Wembe na mswaki msishiriki. Sahani na kikombe havina neno, kwa hiyo usimtenge mgonjwa. Mahindi yaanikeni yakauke vizuri na msile yaliyoota ukungu. Sumu yake huua ini, na mwaka wa 2004 tuliwapoteza zaidi ya watu 100 upande wa Makueni na Kitui. Na hapa Pwani tulale ndani ya neti, na wagawaji wa dawa za matende wakija, tumeze.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 tunatumia SHA badala ya NHIF. Jisajilini familia nzima mkiwa wazima. Mhudumu wa afya wa kijijini kwenu atawaonyesha namna ya kufanya.

Kabla sijawaaga, mtapenda kujua yule mzee aliishia wapi. Ijumaa ile hakutobolewa. Alikuwa wodini katika hospitali ya kaunti. Maji yalipungua wiki kwa wiki, na uvimbe wa korodani ukapungua pamoja nayo bila kuguswa na kisu. Makovu ya ini hayakufutika, na bado anameza dawa na kurudi kliniki. Mnazi aliuacha, ingawa ilimchukua majuto na kurudi nyuma mara mbili. Mwaka uliofuata nilikutana nao sokoni, mkewe akaniamkia kisha akanionyesha kiuno cha mumewe. Alikuwa amefunga mshipi.

Nami nilijifunza. Tangu siku hiyo, mwanamume akija na uvimbe huku chini, namwomba alale, naangalia macho, tumbo na miguu kabla sijaandika neno lolote. Na kama kuna mke, mama au dada aliyemleta, namuuliza, "Wewe umeona nini nyumbani?"

Basi mama, ukienda hospitali usikae kimya. Ukiona mhudumu ameangalia korodani peke yake, mwambie kwa adabu, "Tafadhali, mwangalie na tumbo." Hakuna atakayekukasirikia, na akikasirika, sema tena.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kwaherini.